Wodi ya Tisa, Mapazia Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua kuwa jasiri. Naandika hapa ili baadaye mtu asije akabishia tarehe.

Mambo yenyewe ni hivi. Msimamizi wa ghala letu la magodoro kaacha kazi. Kaondoka Ijumaa bila kuaga, kaacha funguo mezani na sweta lake msumarini. Aliwahi kuwaambia wapakiaji kwamba ghala lina sauti. Ni kweli halina dirisha hata moja, na taa zake hujizimia zenyewe zikijisikia. Lakini kuacha kazi! Kazi yenye meza ya peke yako, kiti cha kuzunguka na funguo kumi na moja kwenye pete moja! Mimi nina miaka tisa pale dukani nalaza wateja kwenye magodoro na kuwauliza mgongo unasemaje. Kile kiti nakitaka.

Bosi ndiye mama mwenye duka. Haongei sana, ila akikutazama juu ya miwani unakumbuka makosa yako yote. Kasema anatafuta mtu wa kukaa mle ghalani peke yake na kuhesabu mali bila kutetemeka. Nikanyoosha mkono. Bingwa naye akanyoosha. Bingwa ni muuzaji mwenzangu, na jina hilo kajipa mwenyewe. Hakukaa sekunde mbili, akamkumbusha Bosi ile siku ya Januari umeme ulipokatika ghalani nikamkumbatia mteja. Nikaeleza kuwa nilikuwa namlinda. Bosi akauliza mbona mteja ndiye aliyenitoa nje.

Hapo Bingwa akachomoa begini gemu. Gemu la kutisha, la mchezaji mmoja, linaitwa Wodi ya Tisa. Anasema mle ndani huna mwenzako wala jeshi, una tochi, risasi tatu na hofu yako. Binamu yake, mwanajeshi kabisa, aliliacha katikati akarudi kuishi kwa mama yake. Anayelimaliza, anasema, hatishwi na ghala lolote. Bosi akacheka, jambo ambalo si la kila mwezi. Akasema haya basi, Jumamosi ya tarehe 15, tukishafunga duka mchana, tuliunganishe kwenye ile tivii ya matangazo. Kila mmoja acheze sehemu ya mwisho mbele yake. Atakayetulia, ghala lake.

Bingwa eti kashalimaliza mara mbili, kwa hiyo kaniazima mimi. Kiburi gani hicho! Mashine ya gemu ninayo nyumbani, nilinunua kwa ajili ya mpira. Siku kumi na mbili zinanitosha sana.

Jumanne, 4 Machi

Kanuni zangu za kucheza. Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Mapazia wazi. Dirisha wazi. Redio iwe inaongea. Mlango wa sebuleni usifungwe kabisa.

Kikwazo cha kwanza: mama mkwe. Anaishi nasi tangu baba mkwe alipotutoka mwaka jana. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na minne, na kumi ya mwisho alishika stoo ya dawa ya hospitali nzima. Sasa kazi yake ni kupumzika. Mke wangu kamkataza kufagia, mimi nimemkataza kubeba ndoo, jirani kamkataza kupanda ngazi. Nimemletea godoro bora kuliko yote dukani, lile la tabaka saba. Analala juu yake anaangalia dari.

Mimi na yeye ni watu wa heshima. Tukikutana koridoni kila mmoja anampisha mwenzake mpaka wote tunasimama. Watu wakibusiana kwenye tivii nabadilisha stesheni, naye anakumbuka ghafla kuwa kuna kitu jikoni. Sasa nitachezaje gemu la kupiga mayowe mbele ya mama mkwe?

Nikangoja aingie chumbani kwake. Nikaanza. Wewe ni msichana mmoja kwenye hospitali iliyotelekezwa, unatafuta njia ya kutoka. Koridoni giza, matone ya maji, viti vya magurudumu vinajisogeza. Nikavumilia. Mara mlio wa chuma kinachoburuzwa sakafuni. Krrrrr. Jitu refu lenye koti, linaburuza kitanda cha wodini, linatafuta mtu wa kumlaza. Wachezaji wanaliita Mburuzaji. Nikasikia mtu kapiga ukunga. Kumbe ni mimi.

Mama mkwe akatoka mbio na sanduku lake la huduma ya kwanza. Akanikuta nyuma ya sofa. Nikasema nimejigonga kidole. Akataka kukiona. Akakifunga bandeji kidole kisicho na jeraha lolote, tena kwa ustadi mkubwa. Kisha akaitazama tivii, kwa muda mrefu kidogo, akauliza ile ni hospitali gani isiyo hata na daftari la zamu. Nikasema ni filamu. Akasema pole sana baba, akarudi kupumzika.

Nimecheza dakika kumi na moja. Kwa siku ya kwanza si haba.

Jumatano, 5 Machi

Mkakati mpya: sauti nimezima. Kosa! Ukiwa husikii Mburuzaji anatokea wapi, unamsikia kila mahali. Nimemaliza risasi zote tatu kwa kupiga koti la daktari lililotundikwa mlangoni.

Na mfuko wa yule msichana unabeba vitu sita tu. Ukitaka kuokota kitu, acha kitu. Nimebeba bandeji sita. Sina tochi. Natembea gizani na bandeji sita kama mwenda wazimu.

Mke wangu alirudi kutoka shule anakofundisha akanikuta nimesimama mlangoni mwa jikoni, nacheza kwa mbali. Akaniuliza ni nani anayenilazimisha. Nikasema hakuna. Akasema hilo ndilo halielewi, mtu mzima anatafuta hofu kwa hiari yake, kwani zile za bure hazimtoshi? Swali zuri. Leo nilimuuliza Bingwa watu wanapenda nini humo. Akasema ni mambo ya wanaume, akabadilisha mazungumzo haraka.

Kazini mchana wapakiaji waliburuza kitanda cha chuma ukumbini. Krrrrr. Nilijikuta juu ya kabati. Mteja aliyekuwa anajaribu godoro akauliza kama duka lina panya. Akaondoka bila kununua, na Bosi akaniangalia juu ya miwani.

Ijumaa, 7 Machi

Maajabu!

Jana sikucheza, kwa sababu ya kidole. Leo nimefungua gemu nikitarajia kujikuta palepale, gizani na bandeji zangu sita. Kumbe niko ghorofa ya pili! Nina tochi. Nina betri mbili, risasi tisa, bandeji moja na ufunguo wa kijani. Mfuko umepangwa vizuri, kila kitu mahali pake.

Nikazima mashine. Nikaiwasha tena. Ghorofa ya pili.

Nimekaa nikatafakari kwa kina. Ama gemu limeharibika kwa faida yangu, ama nilicheza kwa ujasiri mkubwa hadi nikasahau. Naelekea kwenye hilo la pili. Wanasema watu wenye vipaji hawajijui.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewatangazia wote dukani: ghorofa ya pili, risasi tisa! Wapakiaji wakapiga makofi. Bingwa akanuna. Akaniuliza niliupitaje mlango wa stoo ya dawa, ule wenye namba. Nikasema kwa akili. Akasema namba ngapi. Nikasema siwezi kumharibia mtu utamu. Akakubali upesi mno, akasema hata yeye zimemtoka kichwani, maana mchezo wake wote alioufikisha mwisho umefutika kwenye mashine. Siku hiyo atacheza kutokea pale nitakapokuwa nimefika mimi. Sawa tu.

Nimerudi nyumbani saa nane. Ghorofa ya tatu! Risasi kumi na nne!

Sasa nani anacheza gemu la kutisha halafu anatoka na risasi nyingi kuliko alizoingia nazo? Mke wangu siku za kazi yuko shule hadi jioni, na leo asubuhi alikuwa sokoni. Jirani hana ufunguo. Bingwa? Aingie nyumbani kwangu kunisaidia? Hapana, si mtu wa namna hiyo.

Nimemuuliza mama mkwe, kwa adabu, kama kuna mtu aliyekuja. Akasema hakuna. Anapumzika tu.

Nimeweka mtego. Jumatatu kabla ya kutoka nitapaka poda ya mtoto kwenye rimoti ya gemu. Mwenye mikono myeupe ndiye.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwisha. Acha niandike taratibu.

Saa nne asubuhi nilimwambia Bosi tumbo limevurugika. Nikafika nyumbani, sikuingia kwa mlango. Nilipita nyuma, nikachuchumaa chini ya dirisha la sebuleni, nikainua jicho moja.

Mapazia yamefungwa! Nilipata upenyo mdogo tu pembeni. Redio imezimwa. Giza tupu mle ndani saa nne asubuhi, na katikati ya giza, kwenye ncha ya sofa, mgongo umenyooka kama yuko zamu, mama mkwe. Miwani puani, poda mpaka kwenye paji la uso. Rimoti mkononi. Daftari pajani.

Krrrrr. Mburuzaji huyo. Mimi niliyekuwa nje, juani, nikashika ukuta. Yeye hata hakushtuka. Alimwambia asubiri, kuna foleni. Akaurudisha mlango, akaufunga, akazima tochi ili betri zisiishe, akatulia. Mlio ukapita. Akaandika kitu daftarini. Baadaye akakuta kabati la dawa limevurugwa, akaguna kwa hasira ambayo Mburuzaji mwenyewe hajawahi kuipata.

Halafu akafika kwenye kile chumba. Kila ghorofa ina chumba kimoja chenye taa ndogo, birika linachemka, na muziki wa polepole. Humo haingii kitu chochote kibaya. Mimi nimekisikia tu, sijawahi kufika. Mama mkwe akaingia, akaweka rimoti chini, akaegemea sofa, akashusha pumzi. Akatabasamu. Peke yake, pale gizani. Tangu msiba sijamwona akitabasamu namna ile, na nikasahau kabisa kwamba nilikuja kukamata mwizi.

Ningeingia? Ningesemaje? Mama, shikamoo, naomba rimoti? Haiwezekani. Nilikuwa bado nawaza hivyo jirani aliponiona matako juu chini ya dirisha akapiga kelele za mwizi. Nimekimbia kuizunguka nyumba yangu mwenyewe mara mbili. Suruali imechanikia kwenye uzio. Nikarudi kazini, nikasema tumbo limepona.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia mke wangu kila kitu. Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akafuta macho, akaenda jikoni kuzungumza na mama yake. Mimi nilibaki koridoni, si kwa kusikiliza, ni vile tu nilikuwa natafuta kandambili.

Mama alikana kwanza. Mke wangu akamwambia tangu jana ana poda kwenye nyusi. Akakiri. Alianza ile Alhamisi, kwa kukerwa tu. Alikuwa kaona kwenye tivii ile hospitali mbovu, na mtu anatembea ndani na bandeji sita bila tochi. Ikamuuma. Akasema ngoja nimpangie mfuko tu halafu nizime.

Mke wangu akamuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa sana! Moyo unamdunda mpaka masikioni. Lakini hofu ya mle ina mlango, unaufunga, inabaki upande wa pili. Hii ya kwake, tangu mumewe aondoke, haina mlango, inakaa naye kitandani kwenye tabaka saba. Na mle ndani hakuna anayemwambia Mama acha, Mama keti, Mama pumzika. Yuko peke yake, na asipofanya yeye hakifanyiki. Akikosea, kakosea yeye. Akitoka salama, kajitoa mwenyewe. Akasema mwaka mzima hajafanya kitu ambacho mtu mwingine hakusimama karibu na mikono tayari kumdaka.

Nilimfikiria na lile godoro langu, nikaona aibu. Niliona aibu kwa dakika nzima, nasema kweli.

Halafu wazo likaja. Wazo kubwa!

Alhamisi, 13 Machi

Makubaliano yamekamilika. Yalichukua jioni mbili, kwa kuwa mimi na mama mkwe hatuwezi kuzungumzia jambo kama hili uso kwa uso. Mimi sebuleni, yeye jikoni, mke wangu katikati anabeba maneno. Mita nane. Amesema safari nyingine tumlipie nauli.

Mpango ni huu. Jumamosi mama mkwe atakuja dukani kama mteja mwenye mgongo. Atajaribu kitanda cha maonyesho kilicho karibu na tivii, ajifunike shuka. Chini ya shuka, rimoti yenye uhai. Mimi nitasimama mbele na rimoti nyingine isiyo na betri, nitabonyeza na kukunja uso. Nani atajua?

Mama alikataa kwanza. Akatuma neno kwamba tangu azaliwe hajadanganya mtu. Nikatuma neno kwamba atakuwa amelala tu. Akafikiria. Akatuma neno kwamba sawa, yeye atalala, na watu watakachodhani ni juu yao. Ila anataka vitu viwili: nisiguse kitu mfukoni mwa msichana, na baada ya hapo mashine ibaki sebuleni asubuhi. Nimekubali.

Tumefanya mazoezi. Mimi nabonyeza hewa, yeye anacheza nyuma ya mlango. Mke wangu anasema nabonyeza kama mtu anayekanda unga. Wivu.

Mama kafika mlango wa mwisho wa ghorofa ya nne na kuhifadhi hapo. Risasi ishirini na mbili. Nimeandika kwenye kikaratasi ili nijisifie kwa usahihi.

Jumamosi, 15 Machi



Duka limefungwa saa saba. Bosi kavuta kiti mbele ya tivii. Akauliza yule mama pale kitandani ni nani. Nikasema mgongo. Akasema mwache apumzike. Shuka likasogea kidogo kwa hasira.

Kisha Bosi akazima taa na kushusha mapazia ya chuma ya mbele, tuone kama mtu atatulia ghalani. Hilo halikuwa kwenye mpango!

Bingwa kaanza. Nikampa rimoti ya kweli, mama akangoja. Dakika mbili! Krrrrr, na Bingwa kaomba maji. Alikuwa akibonyeza kitufe cha ramani akidhani ndicho cha mbio, kwa hiyo hata mara moja hajalimaliza gemu lile, wala nusu. Alikufa anasoma ramani. Akasema rimoti inateleza. Nilifurahi mpaka nikajisahau, nusura nimpe mama ile mbovu mbele ya watu. Nikaipitisha ya kweli chini ya shuka wakati namrekebishia mto.

Zamu yangu. Nikasimama katikati, miguu imepanuka. Nikabonyeza. Msichana akaanza kutembea, taratibu, akifunga kila mlango nyuma yake. Wapakiaji wakasema lo! Nikaongeza madoido: nikageuza shingo, nikapiga mluzi. Nikamweleza Bosi, huku nabonyeza, kwamba siri ni kutulia na kuhesabu. Bosi akatikisa kichwa kwa kukubali. Kile kiti cha kuzunguka nilikiona kabisa mbele yangu.

Ukafika ukumbi wa mwisho, wodi yenyewe ya tisa. Vitanda vingi, mashuka meupe. Kimya.

Krrrrr.

Lakini mlio haukutoka kwenye tivii. Ulitoka nyuma yangu! Baadaye nimeambiwa ni mpakiaji alikuwa anavuta kitanda cha chuma akae aone vizuri. Baadaye! Wakati ule hakuna aliyeniambia kitu. Nilitupa rimoti, ikampata Bingwa kifuani. Nikaruka, nikaingia chini ya kitanda cha futi sita, nikaziba macho, nikamwita mama yangu mzazi kwa jina.

Nikangoja watu wacheke. Hawakucheka. Nikachungulia. Wote wanaitazama tivii. Msichana alikuwa anaendelea na kazi yake. Kabadilisha betri. Kampisha Mburuzaji nyuma ya pazia. Kaokota ufunguo. Kaacha bandeji moja, kachukua kamba. Na rimoti ile ipo miguuni mwa Bingwa, haina mtu.

Bingwa akasema gemu lina pepo, akasogea mlangoni. Bosi hakusogea. Aliinuka polepole, akaufuata mwanga wa kijani wa rimoti uliokuwa ukimetameta chini ya shuka, akalifunua.

Mama mkwe, miwani puani, hata hakuinua macho. Akamwambia subiri kidogo mwanangu, nimebakiza mlango mmoja.

Na Bosi akasubiri! Bosi, ambaye hajawahi kumsubiri hata mkaguzi, akaketi miguuni pa kitanda, mikono mapajani. Mburuzaji akaja mara tatu. Bosi alishika mguu wa mama mkwe mara zote tatu. Mlango ukafunguka, jua likaingia kwenye tivii, msichana akatoka nje. Wapakiaji walirusha mito juu. Mama akaomba radhi kwamba katoka na risasi nne na bandeji mbili, angejipanga vizuri zaidi zingebaki nyingi. Bosi akaomba kuona lile daftari lililokuwa kando ya mto wake. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akanitazama mimi chini ya kitanda, juu ya miwani.

Mama alinyoosha mkono kunisaidia nitoke. Tulipofika langoni kwetu nikasema Mama nisamehe. Akasema umenipeleka mahali baba, sina cha kusamehe. Halafu tukaanza kucheka, wote wawili, kwa sauti. Jirani alitoka kuangalia kuna nini.

Jumatatu, 17 Machi

Bosi kaniita ofisini. Nikaingia nimeshajiandaa: barua ya kuomba msamaha mfuko wa kushoto, barua ya kuacha kazi wa kulia. Hakutaka hata moja. Kaomba namba ya simu ya mama mkwe.

Nikamweleza, kwa uchungu, kwamba Mama ana umri, amestaafu, anapaswa kupumz... Bosi akainua kidole. Akasema katika daftari lile kaona kila kilichoingia, kila kilichotoka, saa ngapi, na kwa nini. Msimamizi wa mwanzo alikuwa hajui hata mito ni mingapi. Ghala anampa yeye: asubuhi tu, saa mbili mpaka saa saba, na wapakiaji wa kubeba.

Nyumbani mke wangu akapinga. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuanzia leo atakayelitamka lile neno mbele yake atahesabu mito. Mama akaenda kupiga pasi gauni lake la kijani, lile la kazini, ambalo hatukujua kuwa bado analo.

Kile kiti cha kuzunguka! Jamani!

Jumatatu, 31 Machi

Wiki mbili sasa. Mama hutoka saa moja na nusu, funguo kumi na moja zinalia mkononi. Taa za ghala hazijizimi tena, kumbe zilikuwa zinataka kukazwa waya. Jana kaniambia, uso kwa uso, kwamba godoro langu ni zuri sana, tatizo lilikuwa yeye hakuwa anachoka.

Leo nilitumwa ghalani kuchukua mito kumi na miwili. Siku hizi nachukua kwa barua, natia saini mbele ya mama mkwe, kwenye meza ile, naye anazunguka na kiti kidogo kabla hajagonga muhuri. Nikiwa katikati ya marundo umeme wa mtaa mzima ukakatika. Na mahali fulani gizani: krrrrr. Alikuwa Mama, anavuta kitanda kwenye mstari. Nilitoa sauti fulani, si kubwa. Akaja na tochi, akanikuta ndani ya kabati la wateja, akanipa mkono mpaka mlangoni, akaandika daftarini. Nililichungulia. Mito, kumi na miwili, imetoka. Mkwe, mmoja, ametoka.

Nimewaambia watu dukani kwamba umeme ulikatika nikiwa mle peke yangu na nilitulia. Bingwa akataka kubisha, nikamuuliza kitufe cha mbio ni kipi. Akaenda zake.

Habari kubwa ni hii: Bosi kanunua lori dogo la kusambazia mali na anatafuta dereva. Lina usukani mpana na honi ya milio miwili! Bingwa kanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha miwili. Bosi akauliza kama najua kuendesha. Nikasema toka zamani. Majaribio ni Jumamosi ya wiki ijayo, barabara kuu.

Nimeshapata gemu la malori. Naanza kesho saa kumi na moja jioni, mapazia wazi. Mama kaniomba aliangalie kwanza kidogo, asubuhi kabla ya kazi, aone tu vioo vimekaaje. Nimemwachia mashine wazi. Poda sijapaka.